Matokeo ya mbio za dakika 5: koni ya kila mchezaji iwe wapi

Umeshapima wachezaji wako wa soka, je, wote wakimbie umbali mmoja mazoezini? Hapana, usiwakimbize wote umbali mmoja. Kipimo cha dakika 5, yaani kila mmoja akimbie mbali awezavyo kwa muda huo, kinakupa kasi ya kila mmoja, na hiyo ndiyo ya kupangia mazoezi: gawa mita alizokimbia kwa 300, yaani sekunde za dakika 5. Winga aliyefikisha mita 1,350 ana mita 4.5 kwa sekunde. Beki wa kati aliyefikisha 1,200 ana 4.0. Kwa mazoezi ya sekunde 15 kukimbia na 15 kupumzika, chukua asilimia 120 ya kasi hiyo. Koni, yaani alama anayopaswa kuifikia ndani ya sekunde 15, ya winga inakaa mita 81, ya beki mita 72. Seti 2 za dakika 6, katikati dakika 3 za kupumzika, zinatosha kuanzia. Ukiweka mita 80 kwa wote, beki anakata pumzi mapema; ukiweka mita 72 kwa wote, winga hakamuliwi vya kutosha.

Ila hizo ni mita za kunyoosha moja kwa moja. Wakigeuka katikati, punguza mita chache, maana kufunga breki na kuanza upya kunakula muda.

Namba nyingi huharibikia siku ya kupima: kesho yake ya mechi, uwanja wa matope, au kijana anayefyatuka dakika ya kwanza kisha anajikokota. Rudia baada ya wiki 6, uwanja uleule, saa ileile. Akiongeza mita 20 usishangilie bado, upepo tu unaweza kuzileta. Makipa waondoe kwenye hesabu hii, kazi yao ni nyingine kabisa.