Ndugu zangu walinidhulumu, je, niwajaribu kama Yusufu?

"Shangazi, baada ya baba kufariki, kaka zangu wawili waliiuza nyumba yetu ya Mbagala mwaka 2009, na mimi sikuambulia hata shilingi. Nilibeba mizigo Kariakoo, na leo nina duka la vitenge huko huko. Mwezi uliopita kaka mkubwa alikuja dukani kuomba nimsaidie ada ya binti yake wa chuo. Nilimkalisha kwenye benchi tangu asubuhi hadi adhuhuri huku nikihudumia wateja, na nakiri kwamba nilijisikia raha. Alipoanza kusema, 'Mdogo wangu, kuhusu ile nyumba,' nilimkatiza nikamwambia arudi mwezi ujao. Wenzangu wa jumuiya huniita Yusufu kwa niliyopitia, na Yusufu naye aliwajaribu ndugu zake kabla ya kuwasaidia. Je, nimekosea?" – Yusufu wa Tabata

Mwanangu, pole sana. Kudhulumiwa na watu mliokula sahani moja ni uchungu usioondoka kwa kuambiwa tu "samehe," na sitakuambia hivyo. Nitakujibu kwa kisa ulichokileta mwenyewe, kwa sababu naona umekisoma ukaishia pale panapokupendeza.

Ni kweli kwamba Yusufu aliwajaribu. Katika Mwanzo sura ya 42, ndugu zake waliomuuza utumwani walipofika Misri kununua chakula, naye sasa ni mkuu huko, aliwaita wapelelezi, akawaweka kifungoni siku tatu, kisha akambakiza Simeoni. Lakini kabla ya kumfunga Simeoni, aliwasikia wakikiri wao kwa wao, bila kujua kwamba yule mkuu wa Misri anaielewa lugha yao, kuwa waliiona dhiki ya mdogo wao alipowasihi na hawakumsikiliza. Ndipo akajitenga nao, akalia. Wewe, kwa maneno yako mwenyewe, ulijisikia raha. Nakushukuru kwa kuliandika hilo, maana wengi wangelificha, na ndilo lililonifanya nichague barua yako. Yusufu alikuwa akitafuta kama ndugu zake wamebadilika. Wewe, asubuhi ile, ulikuwa ukijilipa deni.

Halafu kuna Yuda, mmoja wa ndugu hao. Yeye ndiye aliyetoa wazo la kumuuza Yusufu, wakapokea vipande ishirini vya fedha. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, kikombe cha Yusufu, alichokificha ili kuwajaribu, kilipokutwa katika gunia la Benyamini, mdogo wao wa mwisho, ni Yuda huyo huyo aliyesogea mbele na kuomba abaki mtumwa badala ya mdogo wake, ili baba yao mzee asife kwa huzuni. Maneno yake yanachukua sehemu kubwa ya mwisho wa sura ya 44, na Yusufu, aliyekuwa na uwezo wa kumnyamazisha kwa neno moja, alimsikiliza mpaka mwisho. Baada ya hapo ndipo aliposhindwa kujizuia, akawatoa watu wote nje, akajitambulisha. Kaka yako alifika kwenye maneno "kuhusu ile nyumba," ukamkatiza. Huenda alitaka kujitetea, huenda alitaka kuomba radhi. Hatujui, kwa sababu hukumpa nafasi.

Tunaposoma Biblia, karibu sote tunajipa nafasi ya aliyeonewa. Mfalme Daudi, aliyekuwa amemchukua mke wa mtu, alifanya hivyo hivyo mbele ya nabii Nathani: Nathani alipomsimulia habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee, Daudi aliwaka hasira na kutoa hukumu ya kifo, mpaka alipoambiwa, "Wewe ndiwe mtu huyo." Hukumu yake ilikuwa ya kweli kabisa, isipokuwa hakujua ni ya nani. Nakuomba uisome tena habari ya Yusufu jioni moja ukijiweka mahali pa ndugu wanaosubiri chakula, kisha ukumbuke lile benchi.

Hayo hayafuti haki yako. Suala la nyumba ulipeleke katika kikao cha ukoo, mbele ya baba mdogo au mzee mwingine mnayemheshimu, muulizane kama mahakama iliwahi kumthibitisha msimamizi wa mirathi kabla ya nyumba kuuzwa. Majibu yasiporidhisha, muone wakili. Suala la ada litenge kabisa, kwa maana binti huyo hakuuza kitu. Kama unaweza, lipa moja kwa moja chuoni, hata sehemu. Kama huwezi, mwambie baba yake waziwazi, badala ya kumrudisha mwezi baada ya mwezi.

Kaka yako usimwite tena dukani. Mkaribishe nyumbani Tabata siku ambayo huna haraka, mwache amalize ile sentensi yake, na umjibu baada ya kumsikia. Mpigie wiki hii, kabla muda wa usajili chuoni haujapita.