Msimbo P0202 Unaorudi Kila Ukifutwa

Fundi amesafisha nozeli zote nne (vinyunyizio vya mafuta) za gari langu la petroli, lakini msimbo wa hitilafu P0202 haukubali kuondoka. Je, alizisafisha vibaya?

Huenda alizisafisha vizuri, ila ugonjwa haukuwa uchafu. P0202 maana yake ni kwamba kompyuta ya gari imeona hitilafu kwenye umeme wa nozeli ya silinda ya pili; nozeli iliyoziba, ambayo koili yake (waya uliozungushwa ndani yake) ni nzima, kwa kawaida huleta msimbo wa silinda kutowaka, kama P0302.

Nipime nini kwa mita niliyo nayo nyumbani?

Zima swichi ya gari, chomoa soketi ya nozeli, kisha pima omu kati ya pini mbili za nozeli yenyewe. Nozeli nyingi zinazonyunyizia kwenye manifoldi (bomba la kuingiza hewa kwenye injini) husoma omu 12 hadi 16. Pima zote nne, kwani inayoachana mno na wenzake ndiyo ya kushukiwa, na urudie injini ikiwa ya moto, maana koili iliyochoka huweza kukatika joto likipanda. Halafu washa swichi: waya mmoja wa soketi unapaswa kuwa na umeme wa betri, volti 12 hivi. Ule wa pili ndio ambao kompyuta huuunganisha na hasi kila inapotaka petroli inyunyizwe.

Vipimo viko sawa, na taa ya hitilafu ya injini bado inawaka.

Badilishanisha nozeli ya pili na ya tatu. Kwanza ondoa fyuzi ya pampu ya petroli na uwashe injini hadi izime yenyewe, ili presha ishuke. Injini ipoe, kisha fungua, na wakati wa kurudisha uweke oringi (pete za mpira za kuziba) mpya. Msimbo ukihamia P0203, nozeli ndiyo mbovu. Ukibaki P0202, fuata waya, ukianzia ndani ya soketi: mimi nimewahi kukuta pini yenye ukoga wa kijani mwembamba kiasi kwamba ulionekana kwa tochi tu. Angalia pia mahali panya wanapopenda kutafuna. Kompyuta ishukiwe mwisho kabisa, ingawa mafundi wengine huanzia hapo, na mteja ndiye anayelipa.

Gari langu ni la dizeli lenye reli ya presha (bomba moja linalolisha nozeli zote). Je, nifuate njia hiyo hiyo?

Hapana. Nozeli hizo huendeshwa kwa volti nyingi kuliko za betri, na presha ya reli inaweza kuzidi baa 1,000. Mchirizi wake hupenya ngozi. Soma msimbo nyumbani, kazi ya kufungua mwachie fundi mwenye vifaa.