Kijana wa sekondari, anza uwekezaji na daftari

Vijana wa kidato cha tatu na cha nne huniuliza swali moja: niwekeze wapi? Wengi jibu langu haliwafurahishi, kwa sababu siwatajii mahali. Nawaambia watafute daftari.

Chagua kampuni moja iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, iwe ile unayoiona ikifanya kazi mtaani kwenu. Kila Ijumaa andika bei ya hisa yake, na pembeni andika habari uliyoisikia juu yake: imetangaza gawio (sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa), faida imeshuka, imefungua matawi mapya. Mwanzoni utaona tarakimu tu. Muhula ukiisha utaanza kujiuliza mbona faida imepanda na bei haijasogea. Ukifika hapo umeshaanza kujifunza uwekezaji, na hujatoa hata senti.

Mimi nilijifunza hivyo kwa kuifuatilia CRDB, na bado naitumia kufundishia wadogo zangu. Mwaka 2009 benki hiyo iliuza hisa kwa umma kwa shilingi 150 kila moja. Miaka kumi baadaye hisa hiyo hiyo ilikuwa ikiuzwa chini ya bei ile, na wapo waliouza wakaondoka. Kufikia 2024 ilikuwa imevuka shilingi 600. Ukitazama bei peke yake utadhani ni bahati. Fungua taarifa za mwaka za benki uone: kuanzia 2019 faida yake ilikuwa inakua kila mwaka, na bei ikaifuata kwa kuchelewa. Usielewe kwamba kila hisa iliyoshuka itapanda. Zipo kampuni ambazo bei yake imelala kwa miaka, na taarifa zao zinaeleza kwa nini.

Taarifa hizo zinapatikana bure kwenye tovuti za kampuni. Kurasa ni nyingi na nyingine ni za picha za wakurugenzi, kwa hiyo usihangaike kuzimaliza. Tafuta mapato, faida baada ya kodi na gawio kwa kila hisa, kisha linganisha na mwaka uliotangulia. Anayesoma masomo ya biashara shuleni ataona mizania ile ile ya darasani, safari hii ikiwa na mabilioni halisi.

Fanya na hesabu hii mwenyewe. Mtu anayeweka shilingi 10,000 kila mwezi tangu akiwa na miaka 15 hadi 25 anakuwa ametoa 1,200,000. Zikizaa asilimia 10 kwa mwaka, na faida ikiachwa izae faida nyingine, zinafika kama 2,050,000. Hakuna anayekuahidi asilimia hiyo, lakini ukikokotoa kwa mkono wako utaelewa kwa nini nakuhimiza uanze mapema, hata kwa hela ndogo.

Sasa kuhusu hela yenyewe. Ukiwa chini ya miaka 18 utamhitaji mzazi au mlezi. UTT AMIS, kampuni ya serikali inayokusanya fedha za watu wengi na kuziwekeza pamoja, wana Mfuko wa Watoto, ulioanza 2008, ambapo mzazi hununua vipande, yaani sehemu za mfuko huo, kwa jina la mtoto. Usimwendee baba au mama kwa kumwomba pesa. Mpelekee daftari lako, mweleze ulichokiona, umwombe mfungue akaunti pamoja, nawe uchangie kutoka kwenye akiba yako ya nauli au ya sikukuu. Mzazi akiona umefuatilia jambo kwa miezi, atakusikiliza.

Kuna jambo moja ambalo nawasisitizia kuliko yote. Mkiwa bado wadogo sana, au kabla hamjazaliwa, watu hapa Tanzania walipeleka fedha zao DECI, mchezo wa upatu ambao waliotangulia walilipwa kwa fedha za waliofuata, "wakapanda" ili "wavune" maradufu. Serikali ilipoingilia kati mwaka 2009, wengi walibaki bila mavuno wala mbegu. Upatu wa namna hiyo siku hizi unakuja kwenye magrupu ya simu, ukiwa na picha za magari na ushuhuda wa watu usiowajua. Ukiambiwa faida ya asilimia 30 kwa mwezi, au kwamba kipato chako kitatokana na watu utakaowaingiza, toka kwenye grupu hilo siku hiyo hiyo. Na yeyote anayetaka kukuuzia hisa au vipande, angalia kwanza kama ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA. Majina ya wenye leseni yako kwenye tovuti yao.