Wasomaji Wanauliza: Mahmoud Ahmed, Mpiga Kiwi Aliyeimba na Bendi ya Mfalme

SWALI: Shikamoo Mhariri. Katika kivuko cha Kamanga abiria mwenzetu alikuwa akipiga kwenye simu nyimbo za mwimbaji wa Ethiopia anayeitwa Mahmoud Ahmed, akatuambia kwamba mzee huyo alianza maisha kwa kuwapiga watu kiwi viatu. Wengine tulicheka tukidhani ni chumvi za safarini. Je, ni kweli? – Msomaji, Kirumba, Mwanza.

JIBU: Marahaba. Abiria huyo hakutia chumvi. Mahmoud Ahmed alizaliwa tarehe 8 Mei 1941 mjini Addis Ababa, katika jamii ya Wagurage, watu wanaosifika Ethiopia nzima kwa bidii ya biashara, na masomo hayakumwendea vizuri kwa kuwa akili yake yote ilikuwa kwenye nyimbo alizozisikia redioni. Alipiga kiwi viatu, kisha akapata kazi za mkono katika klabu ya usiku iliyoitwa Arizona, na hapo ndipo bahati ilipomkuta, kwa sababu wanamuziki wa bendi ya Walinzi wa Mfalme Haile Selassie walikuwa na desturi ya kukusanyika na kupiga muziki klabuni humo baada ya saa za kazi. Usiku mmoja wa mwaka 1962 mwimbaji wao hakutokea. Kijana wa kazi akaomba aimbe nyimbo chache, wakamruhusu, na haukupita muda mrefu akawa mwimbaji wa kudumu wa bendi hiyo, akadumu nayo hadi mwaka 1974.

Wapo wanaoisimulia habari hii kana kwamba ni muujiza wa usiku mmoja. Mimi naona aliyeomba kuimba alikuwa amekwisha kujifunza kwa masikio, kwa maana aliwasikia mabingwa wa nchi yake karibu kila siku akiwa kazini, nafasi ambayo vijana wengi wenye sauti nzuri hawakuipata.

SWALI: Ndugu Mhariri, kama aliimba katika bendi ya walinzi wa mfalme, basi alikuwa mwanajeshi? Na mfalme alipopinduliwa, yeye alifanywaje? – Msomaji, Nansio, Ukerewe.

JIBU: Wasomaji wanaokumbuka Kimulimuli ya JKT, Mwenge Jazz ya Jeshi la Wananchi au Polisi Jazz hawatapata shida kuelewa mpango huo, kwani na huko Ethiopia vyombo vya dola ndivyo vilivyomiliki ala, vikawaajiri wanamuziki na kuwalipa. Mizizi yake ni ya zamani kidogo. Mwaka 1924 Ras Tafari, ambaye baadaye alitawazwa kwa jina la Haile Selassie, alikutana mjini Jerusalem na vijana 40 wa Kiarmenia, yatima waliokuwa wakipiga tarumbeta, akawachukua hadi Addis Ababa pamoja na mwalimu wao, Kevork Nalbandian. Tangu hapo ala za kupuliza zikaota mizizi katika bendi za serikali, na ndiyo maana muziki wa kisasa wa Ethiopia umejaa tarumbeta na saksafoni hata pale ambapo mahadhi yenyewe ni ya kienyeji kabisa.

Kuhusu kurekodi, kwa miaka mingi kazi hiyo ilihodhiwa na taasisi ya serikali, mpaka mwaka 1969 kijana mmoja mfanyabiashara, Amha Eshete, alipothubutu kuanzisha lebo yake, Amha Records. Mahmoud alitoa santuri yake ya kwanza na lebo hiyo mwaka 1971 akisindikizwa na Venus Band, kisha akarekodi pia na Kaifa Records. Wimbo uliomtambulisha zaidi, Erè Mèla Mèla, aliurekodi mwaka 1975 akiwa na Ibex Band, yaani baada ya mfalme kuondolewa madarakani mwezi Septemba 1974.

Utawala wa kijeshi wa Derg, uliodumu hadi 1991, uliupiga muziki pigo zito: amri ya kutotoka nje usiku ilizima klabu, na Amha mwenyewe aliishia kuhamia Marekani. Mahmoud alibaki. Santuri zilipopungua, nyimbo zikahamia kwenye kanda, naye akafungua duka lake la muziki katika eneo la Piazza, akiendelea kurekodi na Roha Band, iliyotokana na Ibex. Mwaka 1981 alizunguka Marekani akiwa na Walias Band, katika mojawapo ya safari za mwanzo kabisa za wanamuziki wa kisasa wa Ethiopia nchini humo.

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba Wafaransa ndio waliomvumbua. Ni sahihi kusema hivyo? – Msomaji, Bukoba.

JIBU: Si sahihi, na inafaa kauli hiyo ikomeshwe. Mfaransa Francis Falceto aliisikia santuri yake katikati ya miaka ya 1980 akaipenda, na mwaka 1986 lebo ya Crammed Discs ya Ubelgiji ikaitoa Erè Mèla Mèla kwa wasikilizaji wa Ulaya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Falceto alianzisha Éthiopiques, mfululizo wa albamu za muziki wa Ethiopia, kupitia lebo ya Buda Musique ya Paris, ambamo toleo la 6 na la 7 ni ya Mahmoud. Mwaka 2007 alipata tuzo ya BBC ya muziki wa dunia kwa upande wa Afrika. Kazi hiyo ya Falceto ina thamani, kwa kuwa imeokoa rekodi ambazo zingeweza kupotea, lakini wakati Ulaya inamsikia kwa mara ya kwanza, nyumbani kwao alikuwa ameimba kwa zaidi ya miaka 20. Januari 2025, akiwa na umri wa miaka 83, ni Addis Ababa alikofanya tamasha la kuaga jukwaa.

SWALI: Bwana Mhariri, mimi ni Mkurya. Nimeona picha ya ala ya Kiethiopia inayofanana mno na litungu letu. Je, Mahmoud huitumia? – Msomaji, Musoma.

JIBU: Bila shaka umeona krar, kinubi chenye nyuzi 5 au 6. Litungu lina nyuzi 8, sawa na nyatiti ya Wajaluo, na zote ni za jamii moja ya vinubi vinavyopatikana kuanzia Ethiopia na Sudan hadi ufuoni mwa ziwa letu. Ila kufanana kwa maumbo peke yake hakutoshi kuthibitisha nani alimwiga nani. Katika rekodi zake maarufu Mahmoud husindikizwa na gita, ogani, besi, ngoma na saksafoni. Hata hivyo mahadhi yake hufuata ngazi za sauti tano za Kiethiopia, ambazo kuu ni nne: tizita, bati, ambasel na anchihoye, na krar nayo hukazwa nyuzi kwa kuzifuata hizo hizo. Ukitaka kuzitambua kwa sikio, anza na wimbo uitwao Tizita alioimba Mahmoud, ambao ni mrefu na wa taratibu, ndipo uende kwenye nyimbo zake za mwendo wa Kigurage.