Bolti za hedi: usafi kwanza, nguvu baadaye

Kwetu sisi mafundi wa injini za boti za dagaa, kazi huja kwa mafungu. Mbalamwezi ikianza boti zinapumzika, injini zinafunguliwa. Giza likikaribia, kila mwenye boti anataka yake iwe majini. Katika haraka hiyo, kinachopunguziwa muda kuliko vyote ni bolti za silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini), maana zinaonekana ni kazi ya nusu saa.

Nami nilizifanya hivyo. Miaka kadhaa iliyopita, pale Kilindoni, kisiwani Mafia, nilifunga hedi ya injini ya dizeli ya silinda nne jioni moja. Nilitia bomba kwenye mpini wa spana nikakaza hadi bolti zikalia. Safari ya tatu, boti ikielekea Nyamisati upande wa bara, gasketi (kizibio kinachokaa kati ya hedi na injini) ilipasuka pembeni mwa tundu la maji. Alhamdulillahi, boti nyingine iliwavuta na wote wakafika salama. Nilipochomoa dipstiki, kijiti cha kupimia oili, oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, maana ilichanganyika na maji.

Kufungua, nikakuta bolti mbili za upande ule zina kutu kwenye thredi, ile mistari ya kuzungukia. Mkono wangu uliniambia zimekaza, na kweli zilikaza, ila zilikazia kwenye kutu. Hedi yenyewe haikubanwa.

Fundi mwenzangu, bolti ya hedi ni springi. Ukiikaza inavutika kidogo sana, na kule kutaka kurudi kwake ndiko kunakobana gasketi. Hata ikiwa safi, karibu nusu ya nguvu unayotia kwenye spana inamezwa na msuguano chini ya kichwa cha bolti, na kama asilimia 40 nyingine inamezwa na thredi. Inayobaki kuvuta bolti ni kama asilimia 10 tu. Sasa ongeza kutu na chumvi ya bahari hapo, uone kinachobaki.

Kwa hiyo siku hizi muda wangu mwingi unaishia kwenye kusafisha. Kila bolti naiosha kwa mafuta ya taa, naipiga brashi ya waya, kisha naiangalia shingo juani. Iliyokonda sehemu moja, iliyolika kwa kutu au yenye thredi zilizonyooka naitupa. Matundu ya bloki (mwili wa injini unaobeba hedi) nayasafisha kwa bolti kuukuu ya aina ileile, niliyoichana mifereji miwili ya urefu kwa msumeno wa chuma ili uchafu upate pa kukaa. Usipitishe chuma cha kukatia thredi mpya, kitakula chuma kizima cha bloki.

Kisha kausha tundu mpaka chini. Hili nalisema kwa mkazo. Tundu lisilotokea upande wa pili likibaki na maji au oili, bolti ikishuka haina pa kuisukuma, na bloki inaweza kupasuka hapohapo mezani. Tumia upepo wa kompresa, na macho uyafunike. Oili inayotakiwa ni ya kupaka tu kwenye thredi na chini ya kichwa cha bolti, isiyochuruzika. Tundu linalotokea kwenye njia ya maji ni jingine: hilo linataka gundi ya kuzibia thredi, la sivyo maji yatapanda na bolti.

Wenye boti wengi huniletea bolti za stenlesi kwa sababu hazishiki kutu. Nawaelewa, bahari inakula kila kitu. Lakini stenlesi ya kawaida yenye alama A2-70 inahimili mvuto wa megapaskali 700 kabla ya kukatika, wakati bolti yenye alama 10.9 kichwani inahimili zaidi ya 1,000. Tena stenlesi hupenda kung'ang'ania kwenye thredi. Nunua bolti za injini hiyohiyo. Na kama kitabu cha injini kinataka bolti zikazwe kwa toki (nguvu ya kuzungusha iliyopimwa), kisha zizungushwe digrii kadhaa zaidi, kwa kawaida hizo huvutika zisirudi urefu wake. Zikifunguliwa, weka mpya.

Kukaza, anza katikati ya hedi ukienda nje kwa kupishana, kwa awamu tatu: theluthi ya toki, theluthi mbili, kisha kamili. Kufungua ni kinyume chake. Angalia pia mistari ya vipimo kwenye spana ya toki, ile inayoonyesha nguvu unayokazia. Ukisoma futi-pauni ukidhani ni nyutoni-mita, umezidisha kwa zaidi ya theluthi.

Huna spana ya toki? Chukua mizani ya springi ya kupimia samaki. Ihakikishe kwanza kwa maji lita 20. Ukiondoa uzito wa ndoo, isome kilo 20. Ifunge kwenye mpini sentimita 50 kutoka katikati ya soketi, uvute polepole, kamba ikiwa imekaa mraba na mpini. Ikisoma kilo 20 umefika nyutoni-mita 98 hivi. Nimefunga injini kadhaa kwa njia hii na zinafanya kazi hadi leo.

Mwisho, mwambie nahodha asubiri. Washa injini boti ikiwa nangani, ipate moto kwa saa nzima, uizime ipoe kabisa. Kama kitabu kinataka bolti zirudiwe, legeza moja kidogo, ikaze upya kwa toki yake, ndipo uende ya pili. Chomoa dipstiki, tazama rangi ya oili, kagua maji. Vikiwa safi, toa nanga.