Wapagazi hawakuhesabiwa kuwa askari

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, nami nashukuru kusikia kwamba u mzima. Umeuliza kama ni kweli kwamba katika Vita Kuu ya Kwanza Waafrika wa huku kwetu walikufa wengi kuliko Wazungu kwa sababu walitangulizwa mbele ya risasi. Kwamba walikufa wengi zaidi ni kweli. Lakini wengi wao hawakuuawa kwa risasi, wala hawakuitwa askari.

Waingereza walikusanya wapagazi wapatao milioni moja, wengi kwa nguvu, na kwa hesabu yao wenyewe zaidi ya 90,000 walikufa, ilhali askari wao waliokufa, wa rangi zote, hawakufika hata robo ya idadi hiyo. Mtu aliyezoea ndizi au ulezi alitolewa kijijini kwao, akabebeshwa mzigo wa kilo 25 hivi, akapewa posho ya unga wa mahindi uliosagwa vibaya, bila sufuria za kutosha wala muda wa kuupika ukaiva. Tumbo likaharibika, akaanza kuhara damu, na malaria au homa ya mapafu ikammaliza.

Rangi iliamua mengi hapo. Kuanzia mwishoni mwa 1916 maelfu ya askari Wazungu wa Afrika Kusini walirudishwa kwao kwa sababu ya malaria, na nafasi zao wakapewa Waafrika, kwa imani kwamba Mwafrika huyahimili maradhi ya Afrika. Imani hiyo ilikuwa ya uongo kwa mtu wa milimani aliyepelekwa kwenye mabonde ya Rufiji, naye ndiye aliyelipa.

Maandishi ya mnara wa askari wa Nairobi yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, tena yanaahidi kwamba wana watalikumbuka jina la aliyekufa, lakini hakuna jina hata moja lililochongwa pale. Linaniuma sana jambo hili. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi, ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Kwa hiyo ukikuta jedwali linalolinganisha vifo vya askari kwa rangi, tazama kwanza kama wapagazi wamo. Wale wa upande wa Wajerumani usiwatafute humo, kwa kuwa Wajerumani hawakuweka daftari la vifo vya wapagazi wao.

Nakuombea heri,
Baba yako