Maswali yenu: Mdogo wangu anashuka kuta za theluji

*Mama, salamu. Mdogo wangu anasoma Grenoble, Ufaransa, sasa ni mwaka wa tatu. Tangu Machi, kila Jumamosi anapanda milima na ski zake, zile mbao za kutelezea theluji, halafu anashuka mahali ambapo hakuna njia iliyotengenezwa. Juzi alituma picha: mteremko mweupe umesimama kama ukuta, na yeye ni kidoa chekundu katikati. Anasema ni digrii 45. Nilipomwuliza kuhusu maporomoko ya theluji akanijibu, "Yaya, hiyo ni hatari ya Januari. Aprili theluji imeshashikamana." Mama yetu halali. Je, anasema kweli? Na nimkatazeje?*
*Yaya wa Himbi, Goma*

Mwanangu, nitakujibu kwa kirefu kwa sababu jambo hili nimeishi nalo. Misimu tisa, kuanzia Machi hadi Mei, nilipika katika nyumba ya kulala wapanda milima huko Savoie, milima ya Ufaransa, kwenye mita 2,700. Kazi ilianza saa nane usiku: kuyeyusha theluji kwa maji ya chai, kukata mkate, kuamsha watu saa tisa. Niliwaona wakiondoka na taa vichwani, na mchana niliwahesabu wakirudi.

Mdogo wako amesema nusu. Theluji ya Aprili huyeyuka mchana upande wa juu, maji yakapenya kati ya chembe. Usiku mbingu ikiwa wazi, joto lote linatoroka na yale maji yanaganda. Baada ya siku kadhaa za namna hiyo chembe zinakuwa kubwa na za mviringo, kama chumvi ya mawe. Alfajiri unakanyaga zege, na saa hiyo ni kweli, theluji hiyo imeshikamana. Jua likipanda, juu panalainika sentimita mbili tatu huku chini bado pagumu. Hapo ndipo kila mmoja anapopatafuta: ski inashika bila kuzama, na mtu anarudi amechangamka kama bwana harusi. Raha hiyo hudumu saa moja, pengine haifiki. Kisha maji yanazama zaidi, chembe zinaachana, na mteremko mzima unageuka uji.

Kwa hiyo hatari ya Aprili ina saa yake, na hilo ndilo ningependa alishike. Mteremko unaotazama mashariki huiva kwanza, wa kusini unafuata, wa magharibi ni wa mchana. Aliyepanga kuanza kushuka upande wa mashariki saa tatu asubuhi akafika kileleni saa tano, amechelewa, hata kama jua ni zuri namna gani. Tena usiku wa mawingu haugandishi kitu. Wewe wa Himbi unajua: wingu zito likilala juu ya mji hatutafuti blanketi la pili, mbingu ikifunguka tunatetemeka. Kule ni vilevile, na asubuhi baada ya usiku wa mawingu wazee wa pale walirudi kulala. Usisahau pia kwamba Aprili theluji mpya bado huanguka. Upepo huibeba na kuibana kuwa bamba, na bamba hilo hukatika sawasawa na la Januari.

Sasa hizo digrii 45. Maporomoko mengi ya bamba huanzia kwenye miteremko ya kati ya digrii 30 na 45, kwa hiyo yumo ndani. Lakini ukuta mkali namna hiyo una deni la pili. Kumbuka kile kipande cha mwisho cha Nyiragongo, kabla ya vibanda vya ukingoni, pale mapafu yanapolia; ukuta wa mdogo wako umesimama zaidi ya hapo. Ukisimama juu yake na kunyoosha mkono upande wa mlima, unagusa theluji bila kuinama sana. Ukianguka kabla haijalainika, husimami mpaka chini, kwa maana nguo inateleza juu ya barafu kama sabuni. Mapema mno unateleza wewe. Ukichelewa unateleza mlima. Mswisi Sylvain Saudan aliposhuka kwa ski mfereji wa Spencer, ufa mkali wa theluji juu ya Chamonix, mwaka 1967, ndipo wengi walipoanza kuamini kwamba jambo kama hilo linawezekana. Heini Holzer, aliyekuwa mfagia mabomba ya moshi huko kaskazini mwa Italia, alishuka kuta nyingi za aina hiyo, na moja ya mlima Piz Roseg, Uswisi, ikamwua mwaka 1977. Ninawataja wote wawili kwa heshima.

Usimkataze. Akikatazwa ataacha kutuma picha, na hapo hutajua kitu tena. Mpigie Ijumaa jioni umwulize kama dada anayejua mambo: usiku huu mbingu itakuwa wazi? Mteremko unatazama wapi? Ukifika saa ngapi bila kuwa juu, unageuka? Hili la mwisho akilijibu kwa kusitasita, rudia. Saa ya kugeuka inakatwa jioni, mezani. Kule juu, kilele kikiwa mita mia moja mbele, hakuna anayeikata.

Mwulize pia wanakwenda wangapi na kama kila mmoja ana vitu vitatu: arva, sonda na beleshi. Arva ni kifaa kidogo kinachofungwa kifuani, chini ya koti, kikitoa ishara. Vyote hutumia masafa yaleyale ya kilohezi 457, kwa hiyo cha mmoja kinasikia cha mwingine hata viwanda vikitofautiana. Sonda ni fimbo ndefu ya kukunja, ya kuchomea theluji mpaka iguse mtu. Aliyefukiwa kabisa ana dakika chache tu. Wengi wanaotolewa hai hutolewa ndani ya dakika 10 hadi 15 za kwanza, na helikopta mara nyingi inakuta wakati huo umepita. Anayemchimbua ni rafiki yake. Mwulize mara ya mwisho walifanya lini zoezi la kutafutana.

Kisha kuna taarifa. Météo-France, idara ya hali ya hewa ya Ufaransa, hutangaza kila siku ya msimu ngazi ya hatari ya maporomoko, 1 hadi 5, na katika majira ya kuchipua mara nyingi huwa mbili, moja ya asubuhi na nyingine ya mchana. Ni kama rangi za OVG, wachunguzi wa volkano kwetu hapa Goma, kijani mpaka nyekundu. Aisome. Lakini sisi wa Goma tuliolala nje ya nyumba zetu usiku wa 22 Mei 2021, baada ya Nyiragongo kupasuka bila dalili ya kutuonya, tunajua kwamba taarifa inakuongoza, haikubebi. Buti ndilo linalomaliza maneno: likizama mpaka kifundo cha mguu, shuka sasa hivi kwa njia rahisi.

Katika msimu wangu wa nne mgeni mmoja aliomba kikombe cha pili cha kahawa. Wenzake walishaondoka. Nilimmiminia, tukazungumza, akatoka saa kumi na moja na nusu badala ya saa kumi. Theluji yenye maji ilimchukua karibu saa tano, ikamtupa kwenye mawe. Aliishi, lakini goti lake halikurudi. Tangu siku ile, saa kumi ikigonga niliondoa birika mezani.

*Mama, mtu anapandaje mlima na ski ikiwa ski inateleza? Anazibeba kichwani?*
*Mwanafunzi, Katindo*

Mpapase mbuzi kutoka shingoni kwenda mkiani, mkono unateleza. Rudi kinyume, manyoya yanakukatalia. Chini ya ski wanabandika ukanda wa manyoya, siku hizi ya mbuzi wa angora au nailoni, zamani ngozi ya sili, ndiyo maana Wafaransa bado wanaziita ngozi za sili. Ski inasonga mbele, nyuma hairudi. Kisigino cha buti kinaachiwa kiinuke, na mtu anatembea. Kileleni anabandua ukanda, anafunga kisigino, anashuka. Pakiwa pamesimama sana, ski zinafungwa mgongoni na anapanda kwa kramponi, meno ya chuma chini ya buti, na pioleti, shoka dogo la barafu. Jioni zile ngozi zilitundikwa juu ya jiko langu kama vitenge kwenye kamba, zikinuka gundi na manyoya mabichi.

*Mama, Karisimbi huwa nyeupe asubuhi. Je, tunaweza kufanya ski huku kwetu?*
*Kijana wa Ndosho*

Jina lenyewe linatokana na isimbi, simbi nyeupe, kwa hiyo wazee waliuona weupe huo kabla yetu. Karisimbi ina mita 4,507, na unachokiona ni mvua ya mawe, pengine theluji kidogo, ambayo jua la asubuhi linaimaliza. Rwenzori, kwenye kilele cha Margherita, mita 5,109, bado kuna barafu ya kweli, lakini imebaki kidogo na inazidi kupungua. Nenda uione kwa miguu ungali kijana. Ukitaka theluji ya Afrika ya kuteleza, ni Moroko. Toubkal ina mita 4,167, watu huipanda kwa ngozi zilezile kati ya Februari na Aprili, na kule pia wanaamka usiku.